Kisu na Jina Lake

Mtu anunuapo kisu hununua asichokiona. Huushika mpini, akaupima uzito wake mkononi, akayajaribu makali kwa ncha ya kidole gumba, akatikisa kichwa kama mjuzi. Lakini jambo lililo kubwa kuliko yote limefichwa ndani ya chuma chenyewe. Hawezi kujua kama feleji ile ilipashwa moto wa kadiri yake na kutoswa kwa wakati wake, au kama iliharakishwa na fundi mwenye usingizi. Visu viwili vyaweza kung'aa sawasawa dukani, kimoja kikadumu na makali yake miaka ishirini, kingine kikawa butu kabla ya mwezi kuandama. Kwa kuwa chuma hakisemi, mnunuzi hutazama chapa. Chapa ni ulimi wa fundi asiyekuwapo.

Ndiyo maana watu wa kazi hii walizitunza alama zao kwa wivu tangu zamani. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, chama cha mafundi wa visu kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandikisha alama za mafundi na kuzilinda. Aliyepiga alama ya mwenziwe juu ya kazi yake mwenyewe hakuhesabiwa kuwa mjanja wa biashara, bali mkosaji. Huko Uchina nako, katika mji wa Hangzhou, yasimuliwa habari ya nyumba moja ya wafua mikasi ambayo sifa yake iliharibiwa na waigaji, hata mwana wa mwenye duka akaliacha jina la duka la baba yake, akaweka jina lake mwenyewe, Zhang Xiaoquan, mwaka 1663. Habari hii yafaa kukumbukwa, kwa kuwa mbele kidogo Uchina itatajwa tena, wala si kwa kulaumiwa.

Kuiga jina bila ruhusa ni wizi, na wizi hauna fumbo. Fumbo lipo pale jina linaponunuliwa kwa fedha halali, kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya wanasheria, hapana mtu aliyepora wala aliyeporwa. Kampuni moja yainunua nyingine, na baadaye visu vyatoka kiwandani na jina lile lile. Je, ni visu vile vile? Na kama sivyo, ni nani aliyemkosea nani?

Wafaransa wana msemo juu ya kisu cha Jeannot. Bapa la kisu kile lilivunjika, likatiwa bapa jipya. Kisha mpini ukachakaa, ukatiwa mpini mwingine. Na Jeannot hakuacha kukiita kisu chake kile kile. Msemo huu ni ndugu wa swali la kale lililoandikwa na Plutarch juu ya merikebu ya Theseus, iliyohifadhiwa Athens mbao zake zikibadilishwa moja baada ya moja kila zilipooza, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema ni merikebu ile, hawa wakikana. Naye Lichtenberg, mwanachuoni wa Göttingen katika nchi ya Wajerumani, alikwenda mbali zaidi mwaka 1798, alipotaja kwa mzaha kisu kisicho na bapa, ambacho mpini wake nao haupo. Watu wamecheka kwa zaidi ya miaka mia mbili. Hata hivyo katika siku hizi kisu cha Lichtenberg chauzwa na kununuliwa kila mwaka. Kampuni inapofilisika, na kiwanda chake kikafungwa, na mashine zake zikatawanywa, hubaki kitu kisicho na bapa wala mpini ambacho wafanyabiashara hushindania bei yake. Kitu hicho ni jina.

Jeannot ana udhuru ambao kampuni haina. Yeye alikuwapo bapa lilipobadilishwa, naye alikuwapo mpini ulipobadilishwa. Hakumficha mtu, wala hakumwuzia mtu. Kisu chake kiliunganishwa na kumbukumbu yake mwenyewe, na kama alijidanganya, basi alijidanganya peke yake. Mwenye chapa husema na wageni. Yule anayeinunua chapa ya mwingine huingia katika mazungumzo yaliyoanzwa na mtu mwingine, akayaendeleza kwa sauti ile ile, na msikilizaji hageuki kutazama ni nani asemaye.

Kuna mambo mawili yaliyotukia katika karne hii ambayo, yakiwekwa pamoja, huonyesha kwamba kununua jina si tendo moja. La kwanza ni la Uswisi.

Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Uswisi lilihitaji kisu cha kukunja cha kumfaa askari kufungua kopo la chakula na kulegeza parafujo za bunduki yake. Karl Elsener, aliyeanza kazi ya visu mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz, alianza kulipelekea jeshi visu hivyo mwaka 1891, na mwaka 1897 akaandikisha kile kisu chepesi cha maafisa ambacho dunia nzima imekijua. Mama yake alipofariki mwaka 1909 alikiita kiwanda chake kwa jina la mama, Victoria. Na feleji isiyoshika kutu ilipoingia, mwaka 1921, neno fupi la Kifaransa la feleji hiyo likaunganishwa na jina la yule mama, pakawa Victorinox. Wakati huo huo upande wa magharibi, katika milima ya Jura ambako watu husema Kifaransa, kulikuwa na kiwanda kingine, kilichopata jina la Theodore Wenger na kukaa katika mji wa Delémont. Serikali haikutaka kulipendelea jimbo la Wajerumani wala kuliudhi la Wafaransa. Tangu mwaka 1908 ikaigawa kazi ya jeshi nusu kwa nusu.

Basi kwa karibu miaka mia moja askari wa nchi moja walibeba kisu kimoja chenye majina mawili. Watu wa Ibach walitangaza kwamba chao ni kisu cha asili. Watu wa Delémont wakatangaza kwamba chao ni kisu halisi. Msomaji aweza kutabasamu, maana maneno hayo mawili yamepakana mno, na huenda yalichaguliwa ili kila mmoja aseme kweli bila ya kumfanya mwenziwe mwongo. Lakini tofauti zilikuwapo, na mwenye kutumia visu hivyo alizijua kwa vidole. Mkasi wa Ibach hufunguka kwa nguvu ya kamani ndogo iliyowekwa baina ya mikono yake. Mkasi wa Delémont ulifunguliwa na wenzo, bila kamani ile, na makali yake yalikuwa na meno madogo yaliyozuia uzi usiteleze. Ni jambo dogo. Ila sifa ya chombo cha mkono imejengwa kwa mambo madogo ya namna hiyo, na aliyekata kucha zake kwa mkasi mmoja miaka kumi hatakubali kuambiwa kwamba ule mwingine ni sawa.

Likaja shambulio la Marekani la tarehe 11 Septemba 2001. Visu vikapigwa marufuku ndani ya ndege, na abiria aliyezoea kumnunulia mwanawe zawadi katika duka la uwanja wa ndege akaacha kununua. Viwanda vyote viwili viliumia. Kile kikubwa kilikuwa na akiba, nacho husifiwa kwa kuwa hakikumwachisha kazi mtu kwa sababu ya msiba ule. Kile kidogo kililemewa, na Aprili 2005 Victorinox ikainunua Wenger. Mshindani akawa mwenye nyumba.

Alifanyaje na jina? Kwanza aliliacha. Visu vya Delémont viliendelea kutoka vikiwa na jina la Wenger na msalaba wake, kana kwamba hapana kilichotokea. Kisha Januari 2013 ikatangazwa kwamba kazi ya visu itaingizwa chini ya jina moja la Victorinox, na kwamba wafanyakazi hawatapoteza kazi zao. Mwaka uliofuata maumbo ya Wenger yalitolewa tena katika jamii ya visu iliyoitwa kwa jina la mji, Delémont, pamoja na mkasi ule wenye meno. Jina la Wenger halikuzikwa. Lilihamishwa, likapewa saa, mikoba na mizigo ya safari.

Hapa pana kinyume cha kustaajabisha. Kisu kilibaki, jina likaondoka. Na jina lilipoondoka lilikwenda kukaa juu ya vitu visivyo visu. Mtu aweza leo kupita mtaani akiwa na mkoba mgongoni wenye jina la mfua visu, na ndani ya mkoba huo pasiwe na kisu. Mzaha wa Lichtenberg haukufika hata huko.

Lakini katika kuhukumu yafaa kutenda haki. Ni nani aliyedhulumiwa katika habari hii? Mafundi wa Delémont walibakishiwa kazi yao. Mnunuzi wa kisu aliambiwa wazi kwamba anayejibu kwa ubora wake sasa ni Victorinox, na chapa iliyopigwa juu ya bapa ikasema kweli juu ya jambo hilo. Kilichopotea ni kitu ambacho hapana mahakama iwezayo kukipima: ushindani wa majirani wawili waliochungana karne nzima, na fahari ya mji mdogo uliozoea kusoma jina la kiwanda chake katika mifuko ya watu wa mbali. Hasara hiyo ni ya kweli. Mji wa Delémont ulikuwa chini ya jimbo la Bern hata mwaka 1979, Jura ilipopata kuwa jimbo kamili. Watu waliongoja muda mrefu kuitwa kwa jina lao wenyewe huelewa vizuri maana ya jina kuondolewa. Ila hasara si lazima iwe dhuluma. Mnunuzi aliyelivua jina kisu chake alimtendea mgeni haki kuliko kama angaliliacha pale pale na kubadilisha kila kilichokuwa nyuma yake.

Jambo la pili ni la Marekani, nalo limekwenda kinyume.

George Schrade alikuwa fundi mwenye akili ya kuvumbua. Mwaka 1892 alipata hati ya kisu kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 1904 yeye na ndugu zake walianzisha kampuni ya visu katika mji wa Walden, jimbo la New York. Mwaka 1946 kampuni ile ilinunuliwa na Albert Baer, aliyekuwa tayari na kiwanda kingine cha visu, na kazi ikaja kukusanywa Ellenville katika jimbo lile lile. Mwaka huo wa 1946 usipitwe kwa haraka. Wengi husimulia habari za chapa kana kwamba siku ya kununuliwa ndiyo siku ya kuanguka. Hapa haikuwa hivyo. Visu ambavyo wapenzi wa jina la Schrade huvitamani zaidi vilitoka baada ya familia ya Schrade kuuza. Ni yule mnunuzi aliyeleta Old Timer, jina lenye maana ya mkongwe, visu vya mpini wa rangi ya kahawia uliochanjwa mistari kama mfupa uliokatwa kwa msumeno. Na ni yeye aliyeleta Uncle Henry, waliyoipa jina la Henry Baer, ndugu yake Albert. (Kiingereza hakipambanui ami na mjomba, kwa hiyo hapana njia ya kujua ni yupi kati ya hao wawili aliyekusudiwa, pengine wote.) Jina la Henry liliandikwa kwa mfano wa sahihi ya mkono, kama mtu atiavyo sahihi katika barua. Pamoja na visu vya Uncle Henry ilitolewa dhamana isiyo ya kawaida: mnunuzi aliyekiandikisha kisu chake akakipoteza katika mwaka wa kwanza alipewa kingine. Kampuni ilikuwa tayari kulipia hata uzembe wa mteja wake. Ndivyo ami afanyavyo.

Basi jina la Schrade lilinunuliwa likakua. Aliyelinunua alinunua pia kiwanda, na vyombo, na watu waliojua kazi, na baada ya hayo akatia mkono wake mwenyewe. Jina liliendelea kuwa ulimi wa mtu fulani, ingawa hakuwa yule wa kwanza.

Mwaka 2004 kiwanda cha Ellenville kilifungwa. Bidhaa za bei nafuu zilikuwa zimeisonga biashara yake kwa miaka mingi. Mafundi walirudi nyumbani, mashine na vyombo vikauzwa kwa mnada, na majina yakanunuliwa na kampuni ya Taylor ya Kingsport, jimbo la Tennessee. Ndipo Old Timer na Uncle Henry zilipotokea tena madukani, mpini ule ule wa kahawia, umbo lile lile, kibandiko kile kile cha ngao ubavuni, na sahihi ile ile ya Henry. Zilikuwa zimetengenezwa Uchina. Mwaka 2016 kampuni ya Taylor nayo ikanunuliwa na Smith & Wesson, watengenezaji wa bunduki, kwa dola milioni 85; na mwaka 2020 majina hayo yakahamia katika kampuni nyingine iliyotengwa na ile, American Outdoor Brands. Sahihi ya ami mmoja imepita katika mikono mingi kuliko fedha za sarafu.

Mtetezi wa biashara ana la kusema, naye asikilizwe. Atasema kwanza kwamba mkono wa Mchina si duni. Amesema kweli, na aliyesoma habari ya mikasi ya Hangzhou hawezi kumkana. Taifa lililofua chuma kwa enzi zote hizo halihitaji kufundishwa kisu ni nini. Atasema pili kwamba hapana uongo uliosemwa, kwa kuwa sheria ya Marekani yataka nchi ya asili iandikwe juu ya kisu, nayo imeandikwa. Hili nalo ni kweli. Atasema tatu kwamba kisu kipya ni rahisi, na maskini ambaye hakuweza kukinunua kile cha Ellenville aweza kukinunua hiki. Na atamaliza kwa hoja iliyo nzito kuliko zote: kampuni iliyofilisika ina wadai, na miongoni mwa wadai wamo watu wa jasho, jina lisipouzwa, deni halilipwi, je, ni haki kuliacha jina life na deni lao ili kuilinda heshima ya marehemu?

Hoja ya kwanza haigusi swali. Tatizo si kwamba kisu kimetengenezwa na Mchina. Tatizo ni kwamba Mchina yule aliyekitengeneza hajulikani, wala jina lake halikupigwa juu ya kazi yake. Yeye naye amedhulumiwa. Ikiwa kisu ni kibaya, aibu humwangukia Henry, aliyekwisha kufa. Na ikiwa ni kizuri, sifa humwendea huyo huyo Henry. Fundi aliye hai hana kwake aibu wala sifa. Mwana wa Hangzhou wa mwaka 1663 aliweka jina lake ili kazi yake isichanganywe na ya wengine. Wazao wake katika ufundi wamekodishwa jina la mtu wa Ellenville.

Hoja ya pili ni kweli yenye kilema. Herufi za jina ni kubwa, herufi za nchi ni ndogo. Mtu aandikapo neno moja kwa herufi kubwa na la pili kwa herufi ndogo hukusudia la kwanza lisomwe na la pili lisisomwe, ama sivyo angeandika yote mawili sawa. Mwongo na msema kweli huonekana mbali mbali katika vitabu vya akida. Dukani wanakutana njiani, katika ukubwa wa herufi. Kila neno lililo juu ya kisu kile laweza kuthibitishwa mahakamani, na hata hivyo mzee aliyekuwa na Old Timer tangu ujana wake, anayekwenda kumnunulia mjukuu kingine, atatoka dukani akiamini jambo lisilo kweli, na wenye kuuza walijua kwamba ataliamini. Imani yake ile hasa ndiyo iliyonunuliwa. Kama asingaliamini, hapana mtu angalitoa senti moja kwa jina.

Hoja ya tatu nayo yafaa kukubaliwa kwa furaha: kisu rahisi ni neema kwa asiye na fedha. Lakini urahisi huo hauhitaji sahihi ya Henry. Kizuri chajiuza. Kisu kizuri cha bei ndogo chaweza kuuzwa kwa jina jipya, na watu wakaja kulijua kwa muda wake, kama walivyolijua la Schrade. Haja ya kuazima jina la kale huonyesha kwamba mwuzaji hana subira, au hana tumaini.

Imebaki hoja ya nne, ya deni na wadai, nayo hailetwi chini kwa pigo moja. Ili kuipima yapasa kuuliza sifa ya chapa ni mali ya nani. Sheria hujibu kwamba ni mali ya kampuni, kama meza na mashine. Lakini meza ilinunuliwa na kampuni, sifa haikununuliwa. Ilitoka kwa watu wasiojuana: mkulima aliyekatia kamba, mvuvi aliyepasulia samaki, baba aliyempa mwanawe kisu siku ya kuzaliwa kwake na kumwambia kwamba hiki hakitakutupa. Kila mmoja wao alitia kidogo cha imani yake. Kwa desturi ya watu wa pwani kitu cha mtu kilichowekwa kwa mtu mwingine huitwa amana, na mwenye kuiweka haipotezi haki yake kwa kuwa imelala katika sanduku la mwingine. Aliyewekewa akiiuza amefanya hiana, hata kama alikuwa na njaa.

Mfano huu una upungufu, na ni heri kuukiri. Mkulima hakukabidhi imani yake kwa mkataba, hakupewa hati, aweza kuiondoa wakati wowote kwa kununua kisu kingine. Tena amana hurudishwa, na imani ya wateja hairudishiki kwa mmoja mmoja. Huenda neno lililo karibu zaidi ni rehani. Mtu akinunua shamba la minazi lililowekwa rehani, hulinunua pamoja na rehani yake. Hawezi kusema kwamba deni ni la mwenye shamba wa kwanza na kwamba yeye amenunua minazi tu. Hapo sharti la kuuza na haki ya wadai hupatana. Jina liuzwe, mafundi walipwe. Ila aliyelinunua awe amenunua na ahadi iliyomo. Nazo njia za kuilipa ahadi hiyo hazizidi mbili. Ama atende kama Baer alivyotenda, aibakishe kazi nyuma ya jina. Ama atende kama Victorinox ilivyotenda kwa visu vya Delémont, aseme wazi kwamba tangu leo ajibuye ni mwingine. Aliyenunua jina la Schrade baada ya mwaka 2004 hakufuata njia ya kwanza, na ya pili aliifuata kwa herufi ndogo.

Na ikiwa shamba limenunuliwa mara nne, rehani yamfuata nani? Watu husema wa mwisho. Hata hivyo wa mwisho aweza kujibu kwamba yeye alipolinunua jina, mwaka 2016 au 2020, lilikuwa tayari ni jina la visu vya Uchina; hakubadilisha kitu. Alilipokea kama lilivyo, naye analitunza kama alivyolipokea. Jibu hili lina nguvu inayotia wasiwasi. Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 hakupata kukijua kisu cha Ellenville. Kwake Old Timer ni hiki anachokiona, na kama kimemfaa porini, basi jina limemwambia kweli. Imani yake ni mpya, imetokana na visu vipya, na hapana aliyeiazima kutoka kwa marehemu. Kadiri vijana kama yeye wanavyoongezeka, na wazee wanavyopungua, ndivyo kosa la mwaka 2004 linavyopungua, hata siku moja litakuwa halipo. Si kwa sababu limelipwa, bali kwa sababu walioweka amana wamekwisha. Deni limefutwa kwa kufa kwa wadai. Mwanasheria ataridhika na jambo hilo. Haielekei kwamba mwenye dhamiri ataridhika kwa wepesi huo, wala si rahisi kwake kusema ni lini hasa jina liligeuka kuwa mali ya wenyewe wapya, kama vile hapana mwanafalsafa wa Athens aliyeweza kuutaja ubao ambao ulipong'olewa merikebu ikawa nyingine.

Kwa sasa wazee wangalipo. Wapo Wamarekani wanaokusanya visu vya Schrade, na kazi yao kubwa ni kuvitenga vya kabla na vya baada. Mpini hauwasaidii, wala ngao ya ubavuni, wala sahihi ya Henry. Hukifungua kisu, wakakipeleka penye mwanga wa dirisha, wakaliinamia bapa pale chini kabisa linapokutana na kiungo chake, mahali pasipofika makali, na huko wakasoma neno lililopigwa kwa herufi zisizozidi ukubwa wa punje ya mtama. Mwenye duka husimama kando, akingoja.